Jinsi ya kubishana na tathmini za maskauti kabla ya drafti ya NFL

Tarehe 26 Aprili 2018, ndani ya uwanja wa Dallas Cowboys mjini Arlington, Texas, makwotabeki watano, yaani warusha pasi wakuu, walichaguliwa katika raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Cleveland walimchukua Baker Mayfield namba 1, New York Jets wakamchukua Sam Darnold namba 3, Buffalo wakamchukua Josh Allen namba 7, Arizona wakamchukua Josh Rosen namba 10. Baltimore walikuwa na nafasi namba 25, wakaitumia kwa mchezaji mwingine kabisa, kisha wakarudi kwa mlango wa nyuma na kumchukua Lamar Jackson namba 32. Huyo wa mwisho ameshakuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2019 na 2023. Allen aliichukua tuzo hiyo msimu wa 2024. Rosen alidumu Arizona msimu mmoja. Mwaka uliofuata timu ikachagua kwotabeki mwingine namba 1, na Rosen akapelekwa Miami.

Nilibishana juu ya vijana hao kuanzia Januari hadi Aprili, tena kwa sauti ya juu, na kuhusu Allen nilikosea mchana kweupe. Ninachokuandikia hapa nimekiokota kwenye makosa hayo. Nitakaa na drafti hiyo ya 2018 karibu muda wote, kwa sababu ina kila aina ya ubishi na majibu yake tunayo.

Kwa aliye mgeni: drafti hii si ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Ni utaratibu ambao timu 32 za ligi ya futiboli ya Kimarekani hugawana wachezaji wanaotoka vyuoni, raundi 7, nafasi 250 na ushei. Iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza, bingwa hushika namba 32, na nafasi zinaweza kuuzwa na kubadilishwa. Hufanyika siku tatu mwishoni mwa Aprili. Raundi ya kwanza huanza Alhamisi usiku kwa saa za Marekani, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo andaa kahawa chungu na kashata mapema. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira nyuma ya ukuta wa wenzake na kuamua aurushe, augawe au akimbie nao.

Hatua ya 1: Jua aliyeandika anajibu swali gani

Ndani ya timu kuna skauti wa kanda, yaani msaka vipaji, ambaye kuanzia Agosti anazunguka chuo kwa chuo, anatazama mazoezi, anazungumza na makocha na hata na mtunza jezi. Juu yake yuko anayekagua upya kazi ya wenzake ili kanda moja isipendelewe, kisha mkurugenzi wa maskauti, kisha meneja mkuu mwenye neno la mwisho. Timu nyingi pia hununua ripoti za awali kutoka mashirika mawili, BLESTO na National, yanayowapa wachezaji alama za kwanza karibu mwaka mzima kabla ya drafti. Ripoti hizi zote ni siri. Wewe na mimi hatuzioni.

Tunachosoma ni kazi ya wachambuzi wa vyombo vya habari. Wapo waliowahi kuwa maskauti wenyewe, kama Daniel Jeremiah wa NFL Network, aliyefanya kazi hiyo kwa Baltimore, Cleveland na Philadelphia. Wapo kama Mel Kiper wa ESPN, ambaye amekuwa akipanga wachezaji kwenye runinga tangu miaka ya 1980. Wanazo video za mechi na namba za simu za watu wa ndani. Wanachokosa mara nyingi ni faili la daktari. Kombaini, ule mkusanyiko wa Indianapolis wa mwisho wa Februari ambao watu huujua kwa mbio na kuruka, ilianzishwa hasa ili madaktari wa timu zote wawapime wachezaji mahali pamoja. Kwa hiyo ukiona kijana aliyesifiwa na wachambuzi wote anaporomoka ghafla usiku wa drafti, kabla hujamwita mtu mjinga uliza habari za goti.

Maswali nayo hutofautiana. Ripoti ya timu inauliza: huyu atatufaa sisi, kwa mfumo wetu na kocha wetu? Orodha ya mchambuzi inauliza: ni mzuri kiasi gani kuliko wenzake? Na ile drafti ya kubahatisha, inayopanga nani atakwenda wapi, haitathmini mtu hata kidogo. Inatabiri timu zitafanya nini. Mwaka 2025 Shedeur Sanders alitajwa na wengi kuwa wa raundi ya kwanza, akaja kuchaguliwa na Cleveland katika raundi ya 5, namba 144. Ubishi uliofuata ulivurugika kwa sababu wengine walikuwa wanatetea kipaji chake na wengine wanacheka utabiri ulioanguka, na kila upande ukidhani unamjibu mwenzake.

Hatua ya 2: Tazama kabla hujasoma

Ukisoma ripoti kwanza, macho yako yatakwenda kuthibitisha ulichosoma. Hili halina ujanja wa kulikwepa. Chagua mechi nne za mchezaji mmoja: moja dhidi ya wapinzani wakali kuliko wote aliokutana nao, moja aliyovurunda, na mbili za kawaida. Zile video fupi za mambo matamu achana nazo. Hata kipa wa timu ya mtaa ana dakika mbili za kumfanya aonekane wa Ulaya.

Kwa kwotabeki, usifuate mpira. Tazama miguu yake anapokaribiwa, na angalia anaamua haraka kiasi gani timu inapohitaji yadi nyingi katika jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira. Kwa walinzi wa ukuta tazama mikono na kiuno. Mpira wala usikushughulishe. Kumbuka pia kwamba kamera ya runinga inawakata wapokeaji walio mbali, kwa hiyo si haki kumlaumu kwotabeki kwa kutomwona mtu ambaye hata wewe humwoni. Andika sentensi tano tu kwenye daftari, weka tarehe, ndipo ufungue ripoti.

Hatua ya 3: Ichane ripoti vipande vitatu

Hapa ndipo penye nyama, na ndipo nilipoteleza.

Kila tathmini imeshonwa kwa vitambaa vitatu: alichokiona skauti, anachotabiri, na bei anayoipendekeza. Vinasomeka kama kitu kimoja kwa sababu vimeandikwa kwa pumzi moja. Chukua maelezo yaliyokuwa yakitolewa kuhusu Allen. Kwamba ana urefu wa futi 6 na inchi 5, mkono wenye nguvu za kutisha, anakimbia, lakini shabaha yake inapotea ovyo: hicho ni kilichoonekana. Kwamba akipata malezi mazuri shabaha itanyooka: huo ni utabiri. Kwamba anastahili nafasi kumi za mwanzo: hiyo ni bei.

Mimi nilikuja na silaha moja. Alipokuwa Wyoming, pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 56 hivi, na katika ligi isiyo ya wababe. Kila aliyemtaja nilimpiga na hiyo 56. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa anaikataa. Skauti aliyempenda alikuwa ameiandika mwenyewe kwenye ripoti yake! Nilikuwa napigana kwenye kipande cha kwanza, mahali ambapo sote tulikubaliana, na kile cha pili sikukigusa.

Swali la kweli lilikuwa: kwa nini anakosa? Kama mtu anakosa kwa sababu hauoni uwanja, hilo ni gumu kutibu. Kama anakosa kwa sababu miguu yake haitulii na alijifunza mchezo kwa kuchelewa, pengine lina dawa. Allen alitoka sekondari bila chuo kikubwa kumtaka, akapitia chuo kidogo cha jamii California kabla ya Wyoming. Hilo lilikuwa dokezo, nami nililiona kama dosari. Msimu wake wa kwanza Buffalo pasi zilizofika zilikuwa asilimia 52.8 nami nikatamba. Wa pili, 58.8. Wa tatu, 69.2. Nikanyamaza.

Ila nisijipige kupita kiasi. Historia ilikuwa upande wangu: wenye shabaha mbovu chuoni mara nyingi hubaki hivyo. Kosa langu lilikuwa kusema "haiwezekani" pale nilipotakiwa kusema "mmoja kati ya watano, labda". Mtu anayesema mmoja kati ya watano anaweza kuendelea kuzungumza na mwenzake. Anayesema haiwezekani amejifungia mlango mwenyewe.

Sasa mgeukie Jackson. Kwake kilichoonekana hakikuwa na ubishi: tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, ya 2016 akiwa Louisville, mwendo ambao hakuna aliyeukamata. Ugomvi ulikuwa juu ya nafasi atakayocheza. Bill Polian, meneja wa zamani aliyeingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa, alisema hadharani kwamba kijana huyo ahamie kwenye upokeaji wa pasi. Mwaka 2019 alikiri kwamba alikosea. Jackson hakukimbia mbio za yadi 40 pale Kombaini, na wengi walielewa kwa nini: hakutaka kuwapa watu sababu ya kumhamisha.

Ukikutana na tathmini inayomtaka kwotabeki mweusi abadilishe nafasi, jua kwamba hoja hiyo ina ukoo mrefu. Warren Moon hakuchaguliwa kabisa mwaka 1978. Akaenda Kanada, akatwaa vikombe vitano na Edmonton, ndipo NFL ikamfungulia. Mwaka 2006 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza katika Ukumbi wa Mashujaa. Sisemi kila skauti aliyemtilia shaka Jackson alikuwa na nia mbaya. Nasema muulize: ni mchezo gani hasa, katika mechi gani, uliokuonyesha kwamba hawezi kusoma ulinzi? Akikutajia, mna kitu cha kujadili. Akirudia kwamba "ni mwanariadha tu", mmemaliza.

Hatua ya 4: Namba zipime kwa mizani yake

Kombaini inatoa mbio za yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu, kunyanyua chuma cha ratili 225 (kilo 102) mara nyingi uwezavyo, kuruka juu, kuruka mbele, na mbio za kukata kona. Namba bila uzito wa mwili haina maana. Sekunde 4.6 kwa mpokeaji mwembamba ni polepole. Kwa mtu wa kilo 130 ni balaa.

Halafu uliza kama jaribio lenyewe linafanana na kazi. John Ross alikimbia sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi wakati ule, na Cincinnati wakamchagua namba 9. Msimu wake wa kwanza hakudaka hata pasi moja. Aliyefuata namba 10 alikuwa Patrick Mahomes, kwotabeki aliyekuja kuwa bingwa wa ligi. Kwa upande mwingine, kwenye Kombaini ya 2018 mlinzi mkubwa aitwaye Orlando Brown alikimbia kwa sekunde 5.85 na kunyanyua chuma mara 14 tu, matokeo ya kutia aibu. Akashuka hadi namba 83, Baltimore wakamwokota, na amekuja kualikwa mara kadhaa kwenye Pro Bowl, mchezo wa nyota wa ligi. Mlinzi wa ukuta hakimbii yadi 40 mara nyingi maishani. Video zake za Oklahoma zilikuwa zinaonyesha watu wakimgonga na kurudi.

Urefu wa mkono nao una mashabiki wake. Inchi 33 zimekuwa kama mstari mtakatifu kwa walinzi wa pembeni mwa ukuta. Joe Thomas alikuwa na inchi 32 na nusu. Alichaguliwa namba 3 mwaka 2007, akacheza vipande 10,363 vya mchezo (kila mpira unapoanzishwa ni kimoja) mfululizo bila kutoka uwanjani, na yumo Ukumbi wa Mashujaa. Mtu mmoja havunji kanuni, lakini anatosha kukuambia kwamba ile si sheria ya Musa.

Hatua ya 5: Bei ibishanie peke yake

Mfano wangu bora umo humo humo 2018. Kati ya Mayfield na Darnold, namba 2, New York Giants walimchagua mkimbiaji Saquon Barkley. Tathmini ilikuwa sahihi: akawa mchezaji mpya bora wa mashambulizi mwaka huo, na mwaka 2024, akiwa Philadelphia, akakimbia yadi 2,005 na kuvaa pete ya ubingwa. Bado waliosema Giants wamekosea walikuwa na hoja nzito. Nafasi namba 2 ni ghali, wakimbiaji wazuri hupatikana hadi raundi za chini, na Giants walibaki wakihangaika na kwotabeki kwa miaka. Kipaji kilikuwa sahihi, duka halikuwa sahihi.

Kuna vipimo viwili vinavyosaidia. Cha kwanza ni jedwali lililotengenezwa Dallas enzi za kocha Jimmy Johnson, mwanzoni mwa miaka ya 1990: nafasi namba 1 ina pointi 3,000, namba 32 ina 590. Yaani ukimpenda mtu wa namba 1, unasema ana thamani ya zaidi ya watu watano wa namba 32. Je, unaamini hivyo? Cha pili ni utafiti wa Cade Massey na Richard Thaler, ambao ulionyesha kwamba timu hulipia mno nafasi za juu. Mchezaji aliyechaguliwa kabla ya mwenzake wa nafasi ile ile uwanjani alimzidi kwa asilimia 52 tu ya nyakati. Hiyo iko karibu sana na kurusha shilingi.

Jambo la mkataba lipite haraka: tangu 2011 mishahara ya wachezaji wapya imewekewa ngazi. Sam Bradford, namba 1 wa 2010, alisaini dola milioni 78 kwa miaka sita. Cam Newton, namba 1 wa mwaka uliofuata, milioni 22 kwa minne. Kwa hiyo hoja yoyote ya bei iliyojengwa kwa mifano ya kabla ya 2011 ishushie uzito.

Hatua ya 6: Mkiwa mezani

Dai moja kwa wakati mmoja. Msipande kutoka shabaha ya Allen kwenda kwenye makocha wa Buffalo kwenda kwenye baridi ya Ziwa Erie.

Maneno ya ukungu yapigeni marufuku hadi yafafanuliwe. "Ana dari ya juu", "ana moyo", "hana njaa", "anafanana na fulani". Hili la kufananisha ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu watu huacha kumjadili kijana na kuanza kumjadili huyo fulani. Maskauti nao hulitumia sana, ndiyo maana linaambukiza.

Kabla ya kuanza, kila mmoja aseme kitakachombadilisha mawazo. "Nikiona mechi mbili ambazo alisoma ulinzi na kurusha kwa wakati, nitampandisha raundi moja." Ukiona mtu hana jibu la swali hilo, mwachie kiti na mpe chai, ni shabiki, na ushabiki si dhambi.

Pia ipeni nafasi ile sehemu ambayo hakuna anayeijua. Philadelphia walitumia namba 233 ya mwaka 2018 kwa Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani. Ndiye aliyelinda upande wa kushoto Philadelphia walipotwaa ubingwa wa msimu wa 2024. Indianapolis walijaribu jambo la namna hiyo 2013 na Mkenya Daniel Adongo, naye wa raga, aliyesajiliwa nje ya drafti. Safari yake ikawa fupi. Kwa wachezaji kama hao tathmini ni umbo la mwili na tumaini, na anayejifanya ana uhakika anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 7: Aprili, masikio yafunge nusu

Wiki tatu za mwisho video za mechi haziongezeki. Kinachoongezeka ni maneno. Timu inayomtaka mtu ina kila sababu ya kuvujisha kwamba ana tabia mbaya, na wakala ana kila sababu ya kuvujisha kinyume chake. Danganya toto za msimu. Mwaka 2023 ilivuja kwamba C.J. Stroud alipata alama za chini katika jaribio fulani la akili la kompyuta. Houston wakamchukua namba 2 bila kujali, naye akawa mchezaji mpya bora wa mashambulizi. Kila habari ya Aprili iulize: nani ananufaika nikiiamini? Kisha rudi kwenye daftari lako la Februari. Kama umebadilisha alama na hukutazama mechi mpya wala hukusikia taarifa ya daktari, irudishe ilipokuwa.

Hatua ya 8: Ripoti isahihishe kwa kalamu, baada ya miaka mitatu

Alama zinazotolewa asubuhi ya Jumapili baada ya drafti ni burudani. Subiri misimu mitatu, na unapokagua usiangalie matokeo tu. Rosen nilimweka wa kwanza kati ya wale watano. Alifeli. Lakini pia aliingia timu iliyomfukuza msimamizi wa mashambulizi katikati ya msimu, ikamaliza na ushindi 3 na vipigo 13, ikamfukuza kocha mkuu baada ya mwaka mmoja. Je, nilikosea kwa nilichokiona, kwa nilichotabiri, au kwa bei? Nilipoyatazama tena maandishi yangu, nilikuta nimesifu namna alivyosimama nyuma ya ukuta uliotulia. Ukuta wa Arizona haukutulia hata wiki moja. Hilo lilikuwa kosa langu la kutabiri, na tangu hapo kila kwotabeki ninamwandikia mstari wa pekee kuhusu akiguswa.

Daftari lile ninalo bado. Lina mpangilio huu: Rosen, Mayfield, Jackson, Darnold, na Allen nikamweka raundi ya nne. Mwaka 2021, Jets walipomuuza Darnold kwenda Carolina, nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni ya jina lake "amekwisha". Mwaka 2024 alishinda mechi 14 za msimu wa kawaida akiwa na Minnesota. Nimelikata lile neno kwa mstari mmoja mwembamba, bado linasomeka, na chini yake nimeongeza jina la kocha.